Daktari wa upasuaji wa urembo

Daktari wa upasuaji wa urembo ni tabibu anayebadilisha sura au umbo la mwili kwa njia ya upasuaji, hasa kwa mtu ambaye si mgonjwa bali anataka kuonekana tofauti. Kazi hiyo ni tawi la upasuaji plastiki. Kwa kuwa anayepasuliwa huingia chumba cha upasuaji akiwa mzima, ni muhimu sana kuhakikisha kwamba anayeshika kisu amefuzu.

## Jina

Neno "plastiki" hapa halihusu ndoo wala mifuko. Linatokana na neno la Kigiriki *plastikos*, lenye maana ya kufinyangika. Upasuaji plastiki una pande mbili: upasuaji rekebishi, unaotibu majeraha ya moto, mdomo wa sungura au viungo vilivyoharibiwa na saratani, na upasuaji wa urembo, kama kupunguza matiti, kunyoosha pua, kukaza ngozi ya tumbo au kunyonya mafuta.

## Historia

Maandiko ya kale ya Uhindi yanayohusishwa na tabibu Sushruta yanaeleza namna ya kutengeneza upya pua iliyokatwa. Nchini Italia, Gaspare Tagliacozzi wa Bologna alichapisha mwaka 1597 kitabu kuhusu kazi hiyohiyo, akitumia ngozi ya mkono.

Fani ya kisasa ilikua wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, aliwatibu askari walioharibika nyuso katika hospitali iliyofunguliwa Sidcup, Uingereza, mwaka 1917. Katika Vita Kuu ya Pili ndugu yake Archibald McIndoe aliwahudumia marubani walioungua. Mwaka 1957 McIndoe, pamoja na madaktari wenzake wa upasuaji plastiki Michael Wood na Tom Rees, alianzisha huduma ya Madaktari Warukao ya Afrika Mashariki, ambayo leo inajulikana kama Amref.

## Mafunzo na usajili

Daktari bingwa wa upasuaji plastiki kwanza husomea udaktari, hufanya mazoezi ya kazi hospitalini, kisha huendelea na masomo ya ubingwa kwa miaka kadhaa. Nchini Marekani mafunzo hayo ya ubingwa huchukua walau miaka 6, na mtihani husimamiwa na bodi ya upasuaji plastiki iliyoanzishwa mwaka 1937. Katika kanda yetu Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini (COSECSA) hutahini na kutunuku ubingwa huo.

Hata hivyo, katika nchi nyingi sheria humruhusu daktari yeyote mwenye leseni kufanya upasuaji wa urembo. Ndiyo sababu maneno "mtaalamu wa urembo" kwenye bango, au cheti cha kozi ya siku chache kilichotundikwa ukutani, si ushahidi wa ubingwa.

## Jinsi ya kumchagua

Mtu anayefikiria upasuaji huo anashauriwa kuhakikisha mambo yafuatayo:

* Usajili. Jina la daktari litafutwe katika orodha ya baraza la madaktari la nchi husika. Nchini Kenya ni Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na Tanzania Bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika. Iangaliwe pia fani aliyosajiliwa kuwa bingwa wake.
* Uzoefu. Aulizwe amefanya upasuaji wa aina hiyohiyo mara ngapi, na hufanya nini mambo yakiharibika. Picha za mitandaoni huonyesha waliofanikiwa tu.
* Mahali. Kituo kiwe na leseni, mtaalamu wa dawa za usingizi, damu ya akiba na njia ya kumfikisha mgonjwa haraka kwenye chumba cha mahututi.
* Mazungumzo. Daktari mwenyewe, si karani wa mauzo, amchunguze mteja na kumweleza hatari kabla ya kupokea malipo. Mteja naye aseme wazi kuhusu kisukari, shinikizo la damu, ujauzito, sigara na dawa anazotumia. Mficha maradhi, kifo humuumbua.
* Muda. Punguzo la bei linalokwisha leo ni dalili mbaya. Mteja apewe siku za kufikiri.
* Ufuatiliaji. Ijulikane nani atakayefungua bendeji na kutibu kidonda kikioza. Anayesafiri nchi ya mbali humwacha daktari wake huko, na safari ndefu ya ndege baada ya upasuaji huongeza hatari ya damu kuganda miguuni.

## Hatari

Kila upasuaji unaweza kuleta maambukizi, kutokwa na damu, damu kuganda au madhara ya dawa ya usingizi. Watu wenye ngozi nyeusi hupata zaidi keloidi, yaani makovu yanayovimba na kupita mipaka ya jeraha. Aliyewahi kuipata anapaswa kusema mapema.

Kukuza makalio kwa mafuta ya mwili kumeua watu. Mafuta yakiingizwa ndani ya msuli yanaweza kupenya kwenye vena kubwa na kufika mapafuni. Mwaka 2017 jopo la wataalamu lilikadiria kifo 1 katika kila upasuaji 3,000 hivi wa aina hiyo, na madaktari walielekezwa kuweka mafuta chini ya ngozi tu.

Vifaa navyo huhitaji kuchunguzwa. Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba kampuni ya Ufaransa ya Poly Implant Prothèse ilijaza vipandikizi vya matiti kwa silikoni ya viwandani isiyoruhusiwa kwa tiba. Kwa sababu hiyo mgonjwa anapaswa kupewa na kutunza kadi yenye jina na namba ya kifaa alichowekewa.

## Daktari anapokataa

Wako watu wanaoteswa na kasoro ambayo wengine hawaioni kabisa. Huo ni ugonjwa wa nafsi, na kwa kawaida kisu hakiuponyi. Wanahitaji msaada wa mtaalamu wa afya ya akili. Daktari anayemwambia mteja "hapana", au anayemshauri kijana asubiri mwili wake ukomae, huwa anatimiza wajibu wake wa kwanza, yaani kutomdhuru.