Mwandishi Mbele ya Hadhira: Sura za Tamasha la Fasihi kando ya Barabara ya Thika

Tamasha la fasihi, kwa maana tunayoipa leo, ni mkusanyiko wa sura nyingi za kukutana na mwandishi: usomaji wa hadhara, uzinduzi wa kitabu, mjadala wa jopo, warsha na igizo. Aghalabu wahakiki huzitaja sura hizi kana kwamba zina uzito mmoja, na wingi wake katika ratiba huchukuliwa kuwa ushahidi wa uhai wa fasihi. Makala haya yanashikilia kwamba kila sura humpa msikilizaji kiasi tofauti cha mamlaka juu ya matini. Historia ya Thika, Ruiru na jirani zao inalidhihirisha jambo hili.

Thika iliingia katika fasihi ya Kiingereza kupitia The Flame Trees of Thika (1959), kumbukumbu za utoto za Elspeth Huxley, binti wa walowezi. Wenyeji wamo kitabuni, lakini wamo kama watu wanaotazamwa. Msomaji aliyekusudiwa yuko mbali. Kwa upande mwingine, si mbali na Ruiru lipo gereza la Kamiti. Humo Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kati ya 1969 na 1972, alitunga mashairi yaliyoingia katika Sauti ya Dhiki (1973). Humo pia, mwaka 1978, Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika Caitaani Mũtharaba-inĩ (1980). Wote wawili waliandika kwenye karatasi za chooni. Kwa malenga wa Mombasa, ambako shairi hukamilika linapoghaniwa na kujibiwa, upweke huo ulikuwa adhabu juu ya adhabu.

Je, dola iliogopa maandishi au makutano? Mwaka 1977 unatupa jibu. Mwezi Julai riwaya ya Petals of Blood ilizinduliwa jijini Nairobi, na aliyeizindua alikuwa Mwai Kibaki, Waziri wa Fedha wakati huo. Mwezi Oktoba tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ilianza kuigizwa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, katika Kaunti ya Kiambu ya leo, ambamo pia mna Thika na Ruiru. Tarehe 16 Novemba kibali kilifutwa. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa.

Mwandishi ni yule yule, mwaka ni ule ule, na riwaya haikuwa pole kuliko tamthilia. Kilichotofautiana ni lugha na sura ya tukio. Katika uzinduzi, hadhira hukishangilia kitabu kilichokwisha kupigwa chapa. Kamĩrĩĩthũ, wakulima na wafanyakazi waliijadili rasimu, wakairekebisha, wakachangia nyimbo, na mazoezi yakafanyika hadharani. Mpaka kati ya mtunzi na msikilizaji ulififia. Mwaka 1982 ukumbi wao ulibomolewa.

Hata hivyo, desturi yenyewe haikubomoka. Katika Decolonising the Mind (1986), Ngũgĩ anaeleza jinsi Caitaani ilivyosomwa kwa sauti majumbani na katika baa, ambako msomaji alikatiza penye msisimko hadi ajaziwe glasi. Hapo mwandishi hayupo kabisa, na bado hilo ni tukio la fasihi lililokamilika.

Matamasha ya karne hii yamepanua upeo. Storymoja Hay lilianza Nairobi mwaka 2009. Macondo, lililoanza huko huko mwaka 2019, liliwakutanisha waandishi wa Afrika wanaotumia Kireno na wale wa Kiingereza. Jalada lilipeleka tamasha lake kwa basi mwaka 2017, likivuka mipaka ya Afrika Mashariki. Haya ni mafanikio yasiyopingika. Lakini jopo, hata likihamishwa kwa basi, hubaki jopo: wachache huzungumza, na wengi hupewa dakika za mwisho za kuuliza maswali.

Kwa hiyo uanuwai wa tamasha haufai kupimwa kwa idadi ya vipindi, wala kwa umbali uliosafiriwa. Thika iko kilomita 40 hivi kutoka Nairobi. Umbali wa barabara si tatizo. Tamasha linalotaka kuwafikia wafanyakazi wa viwanda vya Thika na wa mashamba ya kahawa ya Ruiru lingefanya vyema kuwapelekea rasimu, katika lugha wanayoweza kuisahihisha, kabla ya kuwapelekea kitabu.