Bibi na Bwana katika Nembo ya Taifa

Mwanafunzi akiulizwa habari za nembo ya Tanzania, kwa kawaida huanza na ngao: dhahabu ni madini, nyekundu ni rutuba ya ardhi, mawimbi ya buluu na meupe ni bahari na maziwa. Majibu hayo ni sahihi. Hata hivyo, wananchi walipoipa nembo hiyo jina lao wenyewe hawakutazama rangi. Waliwatazama wanaoishika ngao, wakaiita Bibi na Bwana.

Jambo hili si dogo. Ngao ya Kenya hushikwa na simba wawili. Ya Uganda ina swala na korongo mwenye kishungi. Kuwaweka wanyama kando ya ngao ni desturi kongwe ya nembo za wafalme wa Ulaya. Tanzania, nchi isiyopungukiwa na simba, iliwakabidhi kazi hiyo raia wawili, mwanamume na mwanamke, waliosimama juu ya Kilimanjaro. Mlima huo haukuchaguliwa kwa urefu wake tu. Mwaka 1959 Mwalimu Nyerere alilieleza Baraza la Kutunga Sheria azma ya kuwasha mwenge na kuuweka kileleni; usiku wa uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliufikisha huko. Mwenge huo ndio uwakao sehemu ya juu ya ngao.

Miguuni mwa wawili hao pana mkarafuu na mpamba. Mkarafuu wamkumbusha mtazamaji Zanzibar, iliyoungana na Tanganyika tarehe 26 Aprili 1964. Na bendera iliyochorwa ndani ya ngao ilipata buluu yake kutoka Visiwani.

Kila mmoja wao ameshika pembe ya ndovu. Hapo historia imeipa nembo uzito ambao wachoraji hawakuukusudia, kwani mwaka 1989, majangili walipokuwa wakiwateketeza ndovu, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopigania kupigwa marufuku kwa biashara ya pembe hizo duniani.

Yafaa pia mwalimu awaonyeshe wanafunzi mpangilio wa watu hao. Kwa anayeitazama nembo, mwanamume yuko kushoto na mwanamke kulia. Asomaye picha kama asomavyo maandishi angesema “Bwana na Bibi”. Wananchi waligeuza mpangilio huo, wakamtanguliza Bibi.