Kabureta za Injini Ndogo Zilizoongezwa Nguvu: Garsen na Bonde la Mto Tana

Kabureta huchanganya petroli na hewa kabla ya mchanganyiko huo kuingia kwenye silinda. Katika injini ndogo ya gari la zamani iliyoongezwa nguvu, ndiyo huamua kama kamshafti mpya, silinda hedi iliyopanuliwa matundu na ekzosi pana vitamfaa mwenye gari au vitaishia kuwa gharama tupu. Kipimo cha makala hii ni A12, injini ya Datsun 1200 yenye ujazo wa sentimita 1171 za ujazo, na mahali ni Garsen na barabara zake: kusini kwenda Malindi, mashariki kwenda Witu na Lamu, kaskazini kufuata Mto Tana hadi Hola na Garissa. Kwa injini hiyo katika eneo hilo, kabureta moja ya matundu mawili yenye koo jembamba, ikipimiwa jeti (kitundu kinachopitisha petroli) huko huko bondeni, inafaa zaidi kuliko jozi ya kabureta kubwa za kulala ubavuni ambazo wapenda magari huzitamani.

Hesabu ndiyo ushahidi wa kwanza. Injini ya mipigo minne hujaza silinda zake zote mara moja katika kila mizunguko miwili. A12 ikizunguka mara 2,000 kwa dakika huhitaji kama lita 19.5 za hewa kwa sekunde ikijaa kikamilifu, na kwenye mizunguko 6,000 huhitaji mara tatu ya hizo. Hewa hiyo ya mwendo wa chini ikipita kwenye koo moja la milimita 26 huenda kwa kasi ya karibu mita 37 kwa sekunde. Koo likiwa la milimita 36 kasi hushuka hadi 19. Nguvu ya kunyonya petroli hufuata kasi ikizidishwa kwa yenyewe, kwa hiyo koo pana linabaki na kama robo tu ya uwezo wa kuvuta na kuchambua matone. Dereva huliona jambo hilo anapokanyaga mafuta akitoka kwenye shimo la barabara: injini inasita, inamisi, kisha inaruka ghafla. Kabureta ya matundu mawili ya Weber 32/36 DGV imeliepuka tatizo hilo kwa kufungua tundu moja lenye koo la milimita 26 kwanza, na la pili, la milimita 27, baadaye mguu unapozidi kushuka.

Atakayepinga ataleta historia ya mbio za magari za Safari Rally, na historia hiyo ni nzito. Mwaka 1972 Hannu Mikkola na Gunnar Palm walishinda kwa Ford Escort RS1600, gari ambalo hata toleo lake la barabarani lilitoka kiwandani na Weber 40 DCOE mbili za ubavuni. Lakini injini ile ilikuwa na vali 16 na kamshafti mbili juu ya silinda hedi, imeundwa kupumua kwenye mizunguko ya juu, na nyuma yake kulikuwa na timu ya kiwanda yenye mafundi na vipuri njiani. A12 ina vali nane zinazosukumwa na fimbo, na mwenye gari wa Garsen hutumia sehemu kubwa ya safari kwenye gia ya pili na ya tatu. Ushindi ule unaonyesha kabureta inayoifaa injini ile. Kwa injini nyingine hauthibitishi kitu.

Suala la jeti ndilo linaloharibu injini nyingi zilizotengenezwa vizuri, kwa sababu gari hupimwa Nairobi kisha hushushwa pwani. Nairobi iko kama mita 1,660 juu ya usawa wa bahari. Garsen haifiki hata mita 50. Hata ukilihesabu joto la bondeni, ambalo hupunguza uzito wa hewa kidogo, injini iliyopimwa Nairobi itapata huku petroli pungufu kwa takriban asilimia 7 ikilinganishwa na hewa inayovuta. Jeti za Weber hupewa namba kwa sehemu ya mia ya milimita, kwa hiyo jeti kuu ya 135 iliyotosha kule itahitaji kuwa 140 huku. Tofauti ni ndogo kwa macho, lakini pistoni huipata yote: mchanganyiko mwepesi huwaka kwa joto kali, injini hugonga ikipewa mzigo, na taji la pistoni huweza kutoboka. Kipimo cha kuaminika ni plagi. Liendeshwe gari adhuhuri likiwa na mzigo, injini izimwe likiwa mwendoni katika sehemu salama, kisha plagi itolewe. Kauri nyeupe kama chokaa inaomba jeti kubwa. Ya kahawia hafifu iachwe. Nyeusi yenye masizi imezidishiwa.

Wapo wanaosema kabureta ya SU, ambayo pistoni yake hupanda na kushuka kulingana na hewa, huondoa matatizo yote hayo. Kwa kasi ya kooni wako sahihi kabisa, na SU ni chaguo la pili lenye heshima. Hata hivyo pistoni ile hufuata msukumo wa hewa na haipimi uzito wake, kwa hiyo sindano yake ya petroli bado inapaswa kuchaguliwa upya pwani, na vumbi likipita chujio hukwamisha pistoni ndani ya chumba chake.

Joto nalo lina madai yake. Kwenye A12 njia ya hewa na ya moshi ziko upande mmoja, hivyo kabureta hukaa juu ya chuma cha moto, na gari likisimama juani petroli hugeuka mvuke. Kipande kinene cha bakelaiti chini ya kabureta na ngao ya bati juu ya manifoldi ya moshi husaidia kuliko jeti yoyote. Chujio kubwa lililofungwa ni lazima, na mdomo wake uelekezwe juu, kwa maana mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yaliyoikata barabara ya Lamu huko Gamba yanaweza kurudi. Mfumo wa sindano za umeme hujirekebishia mwinuko na joto, na mwenye fedha hakosei akiuchagua. Ila petroli ya dumu yenye maji na mchanga ikiingia, bakuli la kabureta husafishwa kwa bisibisi na kitambaa kando ya barabara, na safari ya Hola ikaendelea siku ile ile.