Sketi ya Mashine

Fundi wa viti vya magari pale Mwanjelwa aliupokea mpira wangu kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika mkia wa panya. Ulikuwa umekakamaa, umepasuka kwenye kila mkunjo, na umelowa oili ya miaka mingi. Nikamweleza kwamba nataka mwingine wa upana huohuo, wenye kujikunja na kujikunjua bila kuchanika. Akaugeuza, akacheka.

"Kumbe Mzee wangu unataka sketi ya marinda. Ungesema mapema. Huyo binti ana kiuno cha ngapi?"

Binti mwenyewe ni mashine ya milingi yenye uzito wa karibu tani moja, na anakaa kwenye banda nyuma ya nyumba yangu hapa Mbeya. Kwa asiyeijua: kwenye mashine ya kukereza, chuma ndicho kinachozunguka na kisu kimetulia. Kwenye milingi kisu ndicho kinachozunguka, chuma kimebanwa juu ya meza, na meza inapelekwa kulia, kushoto, mbele, nyuma, juu na chini. Meza hiyo haina magurudumu. Inateleza, chuma juu ya chuma, katikati pana utando wa oili tu. Sehemu hizo za kuteleza tunaziita slaidi. Mpira ule ulining'inia kati ya nguzo na meza, na kazi yake ilikuwa moja tu, kuzuia chembe za chuma zisidondokee kwenye slaidi.

Vitabu vya historia ya mashine vipo vinavyosifu visu, skrubu na mota. Vya mipira hiyo sijaona hata kimoja. Nami naona ajabu, maana slaidi ilivyosumbua watu kuipata ilistahili nguo nzuri.

Twende London, mwanzoni mwa karne ya 19. Henry Maudslay alikuwa na karakana Lambeth, ambako kisu cha mashine ya kukereza hakikushikwa tena kwa mkono bali kilibanwa kwenye slaidi ya chuma. Alikuwa pia na kipimio cha skrubu alichokiita Lord Chancellor, kwa sababu kikishatoa hukumu hapakuwa na pa kukata rufaa. Kijana Joseph Whitworth alifanya kazi kwenye karakana hiyo, na mwaka 1840, huko Glasgow, alisimama mbele ya wanasayansi kueleza namna ya kupata uso wa chuma ulionyooka kweli. Inatakiwa uwe na mabamba matatu. Mawili hayatoshi: moja linaweza kubinuka kama mgongo wa kobe na la pili likabonyea kama sahani, yakalaliana vizuri kabisa, na yote mawili yakawa ya uongo. Ukileta la tatu na kuyalinganisha kwa zamu, uongo unajitokeza. Unapaka bamba moja rangi, unalilaza juu ya jingine, unaliinua. Palipopata rangi ndipo palipoinuka, na hapo unapakwangua kwa mkono, kidogokidogo. Halafu unarudia, mpaka mabega yakukatae.

Wengi wakati huo walisugua bamba kwa bamba kwa unga wa msasa. Whitworth aliukataa unga huo. Hausambai sawasawa, na punje zake zinajibanza ndani ya chuma, zikaendelea kukila hata baada ya kazi kwisha. Hoja hiyo ina zaidi ya miaka 180, na ndiyo hasa hoja ya mpira wangu. Chembe ikidondoka kwenye slaidi haisagiki ikapotea. Inajichomeka kwenye uso mmoja na kuanza kuuchana mwenzake.

Mashine yangu imetoka Leicester, Uingereza, lakini jina lake ni Bridgeport, mji wa Connecticut, Marekani. Aliyeibuni ni Rudolph Bannow, mhamiaji kutoka Sweden. Inasimuliwa kwamba mwaka 1936 aliichora kwenye mfuko wa karatasi ya kaki, na ya kwanza ikatoka mwaka 1938. Kichwa chake kinageuka, kinainama, kinavutwa mbele na kurudishwa nyuma, kwa hiyo fundi hahangaiki kubana upya kila anapotaka kutoboa kwa mshazari. Zimetengenezwa zaidi ya laki tatu, na nyingine zimezeeka kwenye mabanda kama langu.

Mashine za karne ya 19 ukiziona pichani, slaidi zake ziko wazi kabisa. Chuma cha kusubu hukatwa kikavu na hutoa unga mweusi kama masizi, na ulinzi wa slaidi ulikuwa fundi mwenye brashi, pamoja na kipande cha felti kilicholowa oili kinachopangusa mbele ya meza. Mashine za kusaga kwa jiwe ndizo zilizofanya kufunika slaidi kusiepukike. Kampuni ya Brown & Sharpe ya Providence, Marekani, ilitoa yake maarufu mwaka 1876. Jiwe la kusaga linatema punje za msasa, na juu yake unamwaga maji. Slaidi iliyo uchi hapo haina maisha. Ndipo ngozi na turubai zikapata kazi kwenye mashine. Tatizo la mpira wa mti ni kwamba unavimba ukikutana na oili, na suluhisho lilikuja pale wanakemia wa DuPont walipotengeneza neoprini mwaka 1930, mpira usioiogopa sana oili. Mwaka 1952 chuo cha MIT kilionyesha milingi inayoongozwa na utepe uliotobolewa, na tangu mashine zianze kukata zenyewe, tena kwa kasi, yule mtu wa brashi hayupo tena pembeni. Siku hizi mashine kubwa huvishwa mabamba ya chuma yanayoingia moja ndani ya jingine, kama antena ya redio.

Mimi mtu wa brashi nilimkuta. Mwaka 1974 nilikuwa kibarua wa miaka 19 Mang'ula, kwenye karakana zilizohudumia ujenzi wa reli ya TAZARA. Fundi Mchina aliyetusimamia alijua maneno machache ya Kiswahili, na mojawapo lilikuwa "safi". Dakika 15 kabla ya zamu kwisha alizima mota, akachukua kitambaa, akapangusa slaidi kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kinyume chake, akaipaka oili kwa kidole. Kisha alikipitisha kidole hichohicho mbele ya macho yetu, mmoja mmoja. Tulimcheka tukiwa njiani kurudi kambini. Leo najua kile kidole kilikuwa kinasoma nini.

Maana mashine kama yangu hutoka kiwandani ikiwa na alama zilizochongwa juu ya slaidi, vijimwezi vidogovidogo vilivyopangwa safu kwa safu, ambavyo hushika oili. Nilipoung'oa mpira wa zamani na kufuta uchafu, nilikuta vijimwezi viko hai kwenye ncha zote mbili, vinang'aa kama magamba ya samaki. Katikati hapakuwa na kitu. Uso ulikuwa laini kama sahani iliyooshwa, na mikwaruzo mirefu ikifuata njia ya meza. Kazi nyingi hufanyika katikati, hivyo katikati ndipo panapoliwa. Nikiweka saa ya kupimia, meza inacheza milimita 0.15 pale katikati, na nikikaza kabari ya slaidi kuuondoa mchezo huo, meza inakwama ikifika mwisho. Anayeuza mashine anaweza kuipaka rangi mpya hadi ikapendeza. Vijimwezi hawezi kuvipaka.

Na sehemu ya ulaji huo ni mkono wangu mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma, mpira ulipoanza kupasuka, nilikata tyubu ya lori, nikaifunga kwa skrubu, nikajisifu. Baada ya miezi michache tyubu ilikuwa imevimba kwa oili, imelegea na kunata, na sehemu ya chini imejikunja ikaingia chini ya meza. Vumbi la chuma likaganda juu yake. Nilikuwa nimeitengenezea slaidi yangu msasa, na nikaisugua nao kila siku ya kazi.

Mara hii nilirudi kwenye ngozi, na hilo halikutoka kwenye kitabu. Mimi ni Mfipa. Kwetu Ufipa bado yamesimama matanuri marefu ya udongo, malungu, ambamo wahunzi waliyeyusha mawe ya chuma kwa upepo wa kujipitia. Chuma hicho walikisafisha tena kwenye tanuri dogo, kintengwe, na hapo upepo ulisukumwa kwa mivukuto ya ngozi. Ngozi ya mvukuto haina marinda, inalegea tu juu ya mdomo wa chombo chake, kwa hiyo nisidai kwamba babu zangu walibuni kifuniko cha milingi. Ila ngozi waliikalisha jirani na moto, cheche zikairukia, nayo haikuyeyuka. Turubai la plastiki, chembe moja ya moto ikitua juu yake, linatoboka.

Kwa hiyo tulikubaliana hivi mimi na fundi wa Mwanjelwa. Mwili wa sketi utakuwa wa turubai la lori, upana sentimita 30. Ndani ya kila rinda atashonea ukanda wa plastiki uliokatwa kwenye dumu la lita 20, ili mkunjo usipoteze umbo. Juu kabisa, chembe zinapoangukia, itaning'inia ngozi ya mbuzi. Meza yangu inakwenda milimita 305 mbele na nyuma. Rinda lenye kina cha milimita 20 nikalihesabia mwendo wa milimita 30, kwa hiyo nikaagiza 11.

"Weka 15, Mzee, usibane," akasema. "Sketi ikibana inachanika."

"Yakiwa 15, yakijikunja yananenepa, meza haifiki nyuma."

Akaniangalia, akachukua vipande viwili vya turubai, akavibana kwa vidole, akapima unene kwa jicho. "Basi 12," akasema, na 12 ndiyo aliyoshona. Yakijikunja yanakula milimita 26 za mwendo, nami nimezisamehe.

Niliifunga Jumamosi asubuhi kwa skrubu nane, mjukuu wangu akiwa ameshika tochi. Katikati ya slaidi bado pamechakaa, na kupakwangua upya ni kazi ya mwezi mzima ambayo magoti yangu hayajaniruhusu. Nilikata kipande cha chuma laini, chembe zikarukia kwenye ngozi, zikateleza, zikaangukia kwenye karai.

Jumatatu nilirudi Mwanjelwa kumlipa salio. Kielelezo cha karatasi alichokitumia kukatia alikuwa hajakitupa. Amekitundika ukutani kwa msumari, kati ya cha viti vya Hiace na cha viti vya Coaster, na pembeni ameandika kwa kalamu ya risasi: Sketi ya Mzee, marinda 12.