Moto wa uani: chagua jiko, halafu jifunze kulizima

Nipo Kigoma. Leo naongelea moto wa nje, ule wa uani tunaopikia maharage, kubanika migebuka, na umeme ukikatika tunauzunguka kupiga stori. Kuanzia Gungu mpaka Ujiji ni nyumba chache hazina. Ila wangapi tumewahi kufundishwa kuutumia? Mimi nilijifunza vibaya.

Siku hiyo tulibanika samaki jioni, tukala, nikafukia makaa kwa mchanga na kwenda kulala. Nilijiona mjanja kweli. Asubuhi mpwa wangu wa miaka minne akapita pale peku. Juu mchanga, chini makaa bado mekundu! Aliungua unyayo wote. Nyumbani wakampaka dawa ya meno, na tulipofika hospitali ikabidi kwanza ioshwe yote ndipo kidonda kionekane. Kile kilio bado nakisikia.

Tatizo ni kwamba mchanga unayafunika makaa kama blanketi. Moto huuoni, lakini joto linabaki humo masaa mengi, hata usiku mzima. Sisi watu wa ufukweni tunaipenda sana njia hii kwa sababu mchanga upo bure. Acheni.

Sasa kuchagua jiko. Wengi wetu tunaanza na mafiga matatu, na hapo kosa la kwanza ni kuokota mawe ziwani. Jiwe lililokaa majini limenyonya maji, na likipata moto mkali maji yale yanageuka mvuke, jiwe linapasuka na vipande vinaruka. Tafuta mawe makavu ya mbali na maji, au matofali ya kuchoma. Chimba kidogo katikati ili makaa yasitawanyike.

Kwa kubanika mimi napenda jiko la ringi ya gari. Ni zito, mtoto hawezi kulipindua kirahisi. Ubaya wake chuma kinaweza kuwa cha moto sana bila kubadilika rangi, hivyo mtu anashika bila kujua. Jiko la bati lenye udongo ndani linatunza joto na linakula mkaa kidogo, ila ni jepesi, liweke pahali pa tambarare. Pipa la kukata nalo ni zuri, lakini uliza kwanza lilibeba nini. Kama lilikuwa la petroli au dizeli, mvuke uliobaki unaweza kulipuka fundi akilikata kwa moto.

Jiko likae kama mita 3 kutoka ukutani, mbali na kamba ya nguo na rundo la kuni, na kamwe siyo chini ya upenu. Kiangazi, kati ya Mei na Septemba, majani yamekauka na cheche moja inatosha. Upepo ukivuma sana ahirisha, samaki wabanikwe kesho.

Kuwasha tumia vijiti vikavu na karatasi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Juni 2019 lakini chupa bado zimejaa, na kuna watu wanawashia hizo hizo halafu wanabanika chakula juu yake! Moshi wake ni sumu. Petroli usiiguse kabisa, na mafuta ya taa usimwagie makaa yenye moto, maana moto unaweza kukurudia usoni. Ukikata minyaa ya uzio, usiifanye kuni, utomvu wake ni hatari kwa macho.

Mawese yakishika moto kwenye sufuria, usimwage maji. Maji yanageuka mvuke ghafla na kurusha mafuta yanayowaka. Funika kwa mfuniko au sinia, vuta kuni pembeni, usiibebe sufuria mpaka ipoe.

Hili la mwisho linaua kimya kimya. Mvua ikinyesha watu wanaingiza jiko la mkaa ndani, wanasema halina moshi tena. Mkaa usio na moshi bado unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo inajaa chumbani mmelala. Kichwa kikianza kuuma, kizunguzungu au kichefuchefu, tokeni nje wote kisha hospitali. Jiko lilale nje, hata kama linaloa.

Kuzima: mafiga mwagia maji taratibu ukisimama pembeni kwa sababu ya mvuke, koroga majivu, mwagia tena mpaka yawe baridi. Jiko la udongo usilimwagie, litapasuka. Toa makaa kwa koleo uyatumbukize kwenye ndoo ya bati yenye maji. Ukiyaanika juani utayatumia tena, kwa hiyo hupotezi kitu.

Mtu akiungua, weka sehemu hiyo kwenye maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, siyo barafu. Usipake dawa ya meno, yai wala asali. Nguo iliyoganda kwenye ngozi usiibandue. Funika kwa kitambaa safi umpeleke hospitali, hasa mtoto. Moto ukikushinda, namba ya Zimamoto ni 114.

Kwetu siku hizi ndoo ya maji inatangulia uani kabla ya kiberiti. Na anayezima ni mimi.