Una bunduki nyumbani na unataka kuasili mtoto? Jinsi ya kujiandaa kwa tathmini ya nyumbani

Umeamua kuasili mtoto hapa Marekani. Umejaza fomu, umehudhuria mafunzo, na sasa afisa ustawi wa jamii anapanga kuja kuiona nyumba yako. Lakini chumbani kuna bastola ya mume wako, au juu ya kabati kuna bunduki ya kuwindia. Je, useme? Na ukisema, utanyimwa mtoto?

Jibu fupi ni hili: sema, tena mapema. Kwa familia nyingi, kumiliki bunduki kihalali hakuzuii kuasili. Kinachoangaliwa ni kama mtoto anaweza kuifikia. Hapa chini tunaeleza utakachoulizwa, sababu za kiafya za maswali hayo, na mambo ya kuweka sawa kabla ya siku ya ugeni.

Tathmini ya nyumbani ni nini?

Ni uchunguzi unaofanywa kabla mtu hajaruhusiwa kuasili. Hufanywa na afisa ustawi wa jamii wa jimbo au wa shirika lenye leseni. Kwa wastani huchukua miezi 3 hadi 6.

Katika kipindi hicho utahojiwa wewe, mwenzi wako na watu wengine wanaoishi nyumbani. Utaombwa taarifa za afya, kipato, na majina ya watu wanaokufahamu. Watu wazima watachukuliwa alama za vidole. Sheria ya Adam Walsh ya mwaka 2006 inataka wanaoomba kulea au kuasili wachunguzwe katika kumbukumbu za uhalifu za taifa. Pia orodha za unyanyasaji wa watoto hukaguliwa katika kila jimbo ambako watu wazima wa nyumba hiyo wameishi kwa miaka 5 iliyopita.

Kisha nyumba yenyewe hukaguliwa: kitanda cha mtoto, king'ora cha moshi, mahali dawa na sabuni zinapowekwa. Silaha ni sehemu ya ukaguzi huo huo wa usalama. Hata kama mtoto unayemtaka yuko nje ya Marekani, tathmini hii bado inahitajika.

Je, bunduki itanizuia kuasili?

Hakuna sheria ya taifa inayosema mwenye bunduki hawezi kuasili. Lakini mambo matatu ni muhimu kuyajua.

*Kwanza, lazima umiliki wako uwe halali.* Sheria ya taifa inawakataza baadhi ya watu kabisa kuwa na bunduki. Miongoni mwao ni waliotiwa hatiani kwa makosa makubwa, waliotiwa hatiani kwa ukatili dhidi ya mwenzi, wasio na hati za kuishi nchini, na wengi wa walioingia kwa viza ya muda. Bangi nayo inahesabika: sheria ya taifa inamkataza mtumiaji wake kumiliki bunduki, hata kama jimbo lako limeiruhusu bangi. Ukiwa na shaka kuhusu hali yako, muone mwanasheria kabla ya afisa kuja.

*Pili, kila jimbo lina kanuni zake.* Kanuni za malezi ya kambo, yaani kumlea mtoto aliye chini ya idara ya jimbo, mara nyingi ndizo kali zaidi. Familia nyingi huasili kupitia njia hiyo. Mwaka 2019 serikali ya taifa ilitoa viwango vya mfano kwa nyumba za aina hiyo. Viwango hivyo vinataka silaha ziwekwe zikiwa haziwezi kufyatuka, mahali palipofungwa kwa kufuli na mtoto hapafikii, na risasi zifungiwe mahali pengine. Havihusu bunduki peke yake: bunduki za upepo, pinde na manati za kuwindia nazo zimo.

*Tatu, shirika binafsi linaweza kuwa na masharti yake.* Muulize afisa mwanzoni kabisa: "Naomba kanuni zenu za silaha kwa maandishi." Kama Kiingereza kinakupa shida, omba mkalimani. Usimtumie mtoto wako kutafsiri mazungumzo haya.

Kwa nini afisa anauliza?

Tangu mwaka 2020, majeraha ya risasi ndiyo yanayoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa mwaka 1 hadi 19 nchini Marekani. Yamepita ajali za magari. Baadhi ya vifo hivyo hutokea nyumbani, kwa bunduki ya mtu wa familia.

Kwa mtoto mdogo, hatari ni udadisi. Mtoto hupanda kiti, hufungua droo, hupekua mkoba. Wazazi wengi husema, "Wangu hajui ilipo." Katika utafiti mmoja uliofanyika Marekani, karibu wazazi 4 kati ya 10 waliosema mtoto wao hajui bunduki ilipofichwa, watoto wao wenyewe walisema wanajua. Kumfundisha mtoto asiiguse ni vizuri, lakini hakutoshi. Tafiti zimeonyesha kwamba hata watoto waliofundishwa huishika wanapoikuta wakiwa peke yao.

Kwa kijana, hatari kubwa ni kujiua. Mtoto anayekuja kuasiliwa amepoteza wazazi kwa namna moja au nyingine. Wengine wamepigwa, wamelala na njaa, au wamehamishwa nyumba baada ya nyumba. Tafiti zinaonyesha kwamba watoto waliopita kwenye malezi ya serikali hujaribu kujiua zaidi ya wenzao. Wazo hilo mara nyingi huwa kali kwa muda mfupi tu, kisha hupungua. Mtoto akivuka muda huo salama, anaweza kusaidiwa na kuishi. Bunduki haimpi nafasi hiyo: karibu watu 9 kati ya 10 wanaojaribu kujiua kwa bunduki hufariki.

Ndiyo maana madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao, American Academy of Pediatrics, wanasema nyumba iliyo salama zaidi kwa mtoto ni isiyo na bunduki. Kama ipo, iwe haina risasi ndani, ifungiwe, na risasi zifungiwe kando. Hatua zote hizo zimeonekana kupunguza hatari.

Jinsi ya kuiweka salama

- Toa risasi zote. Hakikisha hakuna iliyobaki kwenye chemba. Kama hujui kufanya hivyo, usijaribu. Mwombe mtu aliyefunzwa.
- Fungia bunduki kwenye sefu au kasha la chuma. Droo ya nguo, chini ya godoro, juu ya kabati na ndani ya mkoba si mahali pa kuhifadhi. Kuficha si kufungia.
- Fungia risasi mahali pengine, kwa kufuli lenye ufunguo tofauti.
- Linda funguo na namba za siri. Ufunguo usiachwe msumarini au kwenye bakuli mezani. Namba isiwe tarehe ya kuzaliwa ya mtu wa nyumbani.
- Ongeza kufuli la waya. Waya hupitishwa ndani ya bunduki ili isiweze kupakiwa na kufyatuliwa. Vituo vingi vya polisi huyatoa bure kupitia mpango wa Project ChildSafe. Lakini waya hauzuii mtu kuondoka na bunduki, kwa hiyo sefu bado inahitajika.
- Kumbuka gari. Bunduki iliyoachwa chini ya kiti cha gari inafikiwa na mtoto, na pia na mwizi.

Wapo wanaofanya kazi ya ulinzi usiku na hurudi alfajiri wamechoka. Hiyo ndiyo saa ambayo bastola huwekwa "kwa dakika moja" juu ya friji. Wekeni utaratibu: anayerudi na silaha huifungia kwanza, ndipo anavua viatu. Askari polisi ambaye kazi yake inamlazimu kuwa na silaha karibu amweleze afisa mapema. Baadhi ya majimbo yana utaratibu maalumu kwa watu hao, na huhitaji mpango wa usalama ulioandikwa.

Maswali ya kutarajia

Afisa anaweza kukuuliza:

- Kuna silaha ngapi, za aina gani, na ni za nani?
- Zimehifadhiwa wapi, na risasi ziko wapi?
- Nani ana ufunguo au anajua namba?
- Unaitumia kwa nini: kuwinda, kazi, au kujilinda?
- Umepata mafunzo yoyote?
- Utafanya nini kama mtoto atakuwa na huzuni kali au atasema hataki kuishi?

Jibu kwa ufupi na kwa ukweli. Swali la mwisho ndilo linaloonyesha kama umemfikiria mtoto mwenyewe. Jibu zuri linaweza kuwa hivi: "Tutaitoa nyumbani mpaka awe salama, na tutampeleka kwa mtaalamu."

Waliokimbia vita wana jambo moja zaidi. Kama ulitoka Kivu au kwingine ambako bunduki ilikutoa machozi, maswali haya yanaweza kukurudisha mbali. Unaweza kumwambia afisa kwamba unahitaji kupumzika kidogo. Kueleza uliyopitia si kosa, na hakukufanyi uonekane mzazi asiyefaa.

Siku ya ukaguzi

Weka kila kitu tayari siku kadhaa kabla. Andaa karatasi za umiliki au kibali, kama jimbo lako linavitaka. Muonyeshe afisa sefu na makufuli. Usiitoe bunduki nje kumuonyesha. Akihitaji kuiona, atasema mwenyewe. Hakikisha hakuna mtu ndani ya nyumba aliyebeba silaha mwilini wakati wa ugeni.

Usifiche

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kuna wanaopeleka bunduki kwa shemeji kwa wiki moja, kisha wakairudisha baada ya ukaguzi. Usifanye hivyo. Watoto husema wanachokiona, na maafisa hurudi kutembelea baada ya mtoto kufika. Kufuli lililokosekana hununuliwa kesho yake. Uongo ukigundulika, afisa atajiuliza ni nini kingine umekificha, na ruhusa yako inaweza kukataliwa au kufutwa. Mtoto aliyekwisha kuanza kukuita mama anaweza kuhamishwa tena.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Uliza ni nini unaweza kurekebisha, na utaratibu wa kukata rufaa ukoje.

Kama bunduki si yako

Huenda ni ya mume, ya mtoto wako mkubwa, au ya mdogo wako anayelala sebuleni. Nyumba hutathminiwa kwa ujumla, kwa hiyo silaha ya kila mkaaji inahusika. Kaeni kikao kabla ya afisa kufika. Unaweza kuanza hivi: "Baba fulani, sikuambii uiuze. Nataka tukubaliane itafungiwa wapi kabla mtoto hajaja."

Kama mwenye bunduki anaitumia kukutisha, hilo ni jambo tofauti, na usalama wako unatangulia. Simu ya taifa ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili nyumbani ni 1-800-799-7233. Ukiwa hatarini sasa hivi, piga 911.

Mtoto akishafika

Kazi haiishi siku ya kupata ruhusa. Kagua makufuli mara kwa mara. Mtoto anapokwenda kwa shangazi au kwa rafiki, uliza: "Samahani dada, kwenu kuna bunduki? Imefungiwa?" Ni swali la kawaida, kama kuuliza kuhusu mbwa mkali.

Fuatilia dalili hizi kwa kijana wako: anajitenga, halali, anagawa vitu vyake, anasema yeye ni mzigo. Ukiziona, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpi wazo hilo. Usimwache peke yake, toa silaha nyumbani, na piga au tuma ujumbe kwa 988, simu ya taifa ya msaada inayofanya kazi saa 24. Ukipiga, unaweza kuomba mkalimani. Kabla ya kumpa mtu mwingine silaha aitunze kwa muda, uliza polisi au duka la silaha sheria ya jimbo lako inasemaje.

Orodha ya kukagua leo

1. Nimeomba kanuni za silaha kwa maandishi.
2. Nimehakikisha umiliki ni halali.
3. Bunduki haina risasi na imefungiwa.
4. Risasi zimefungiwa mahali pengine.
5. Funguo na namba za siri ziko kwa watu wazima wanaohusika tu.
6. Watu wote wa nyumbani wanajua utaratibu.
7. Nimemwambia afisa kila silaha iliyopo.

Kama kuna namba hujaitimiza, anza na hiyo leo, kabla ya kupanga tarehe ya ugeni. Na kama baada ya kuyafikiria haya mmeamua kuitoa bunduki kabisa nyumbani, huo nao ni uamuzi mzuri kwa mtoto anayekuja.