Ngao, Dirii na Maji: Kinga ya Mwili Vitani kutoka Pwani hadi Fizi

1.0 Utangulizi

Kiswahili kina maneno matatu ya zamani yanayotaja vifaa vya kumkinga mpiganaji: ngao, dirii na chapeo. Neno la kwanza ni la Kibantu. La pili limetokana na neno la Kiarabu dir', yaani vazi la pete za chuma. La tatu limetokana na neno la Kireno chapéu, ambalo maana yake ni kofia tu. Maneno haya yamekutanishwa pamoja katika Biblia ya Kiswahili, katika sura ya 6 ya Waraka kwa Waefeso, ambapo muumini anaelekezwa avae silaha zote kama askari wa Kirumi. Hivyo basi hata mkazi wa Lweba, kijiji cha ufuko wa Ziwa Tanganyika jirani na Baraka, katika eneo la Fizi, Kivu Kusini, anaweza kuyafahamu maneno dirii na chapeo kwa njia ya ibada, ingawa vazi la chuma si vazi la nchi yake. Kinga iliyotajwa zaidi katika vita vya nchi hiyo, tangu mwaka 1964, ni nyingine kabisa. Ni maji.

Makala haya yanazilinganisha kinga hizo mbili, ya chuma na ya maji, kwa kuuliza swali moja: kinga inaposhindwa na mpiganaji akafa, ni nani anayelaumiwa? Jibu la swali hili ndilo linalotofautisha historia ya dirii na historia ya dawa, kuliko tofauti ya chuma na maji yenyewe.

2.0 Historia iliyomo katika maneno

Ngao ndiyo kinga ya wenyeji. Wamaasai walizitengeneza kwa ngozi ya nyati, na Wangoni, waliofika maeneo ya Ziwa Tanganyika katika karne ya 19 wakitokea kusini mwa Afrika, walipigana na ngao ndefu za ngozi ya ng'ombe. Huko Omani na Zanzibar ilijulikana ngao ndogo ya duara, iliyotengenezwa kwa ngozi ngumu kama ile ya kifaru. Ngao hiyo ingali inaonekana katika ngoma ya razha, ambamo wanaume wawili huchezeana kwa panga na kurukiana bila ya kukusudia kuumizana. Ngoma hiyo ni ushahidi kwamba watu wa Bahari ya Hindi nao wanalo igizo la vita vya kale, lenye zana zake na sheria zake.

Dirii ilifika pwani pamoja na Uislamu na fasihi yake. Utenzi wa Tambuka, ambao mswada wake wa kale unaojulikana ni wa mwaka 1728 kutoka Pate, unasimulia vita vya Waislamu na Warumi. Vita vya aina hiyo, katika nchi ambako mashujaa walivaa chuma, vilimfikia msikilizaji wa Pate kwa njia ya beti. Chapeo, kwa upande wake, inakumbusha wageni waliokuja na mizinga. Mwaka 1505 jeshi la Francisco de Almeida liliishambulia Kilwa mwezi wa Julai, na Mombasa mwezi wa Agosti. Askari wake walivaa chuma kifuani na kichwani, na watu wa Mombasa waliwapokea kwa mishale na mawe. Mji ulitekwa, ukaporwa na kuchomwa moto. Haishangazi kwamba kofia ya Mreno, baada ya kuingia katika Kiswahili, ilikuja kuwa jina la kofia ya vita.

Haifai kudhani kwamba watu wa chuma walitegemea chuma peke yake. Katika nchi za Kiislamu zilishonwa fulana zilizoandikwa aya za Qur'ani, ili kumkinga mwenye kuzivaa vitani. Neno hirizi lenyewe limetokana na shina la Kiarabu lenye maana ya kuhifadhi. Kwa hiyo kinga ya fundi na kinga ya dua ziliweza kukaa juu ya kifua kimoja, na mpiganaji hakuona haja ya kuchagua.

3.0 Dirii hupimwaje?

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Dirii ya pete huundwa kwa kuvuta waya wa chuma, kuuzungusha kwenye fimbo, kuukata uwe pete, kisha kuipitisha kila pete katika pete nyingine nne. Katika dirii nyingi za Ulaya ya Enzi za Kati ncha za pete zilitobolewa na kufungwa kwa msumari mdogo uliofuliwa, kwa sababu pete isiyofungwa hufunguka ikichomwa na mkuki. Vazi moja huhitaji maelfu ya pete. Hata hivyo pete huzuia makali tu, hazizuii kishindo. Ndiyo maana chini yake lilivaliwa koti nene la kitambaa lililojazwa pamba au sufi na kushonwa kwa mistari. Asiyevaa koti hilo angeweza kuvunjika mbavu ilhali dirii yake haina hata tundu.

Bunduki zilipoenea Ulaya, mafundi waliongeza unene wa bamba la kifua, na wengine wakaanzisha desturi ya kulipiga risasi bamba hilo kabla ya kuliuza. Bonde lililoachwa na risasi halikufutwa. Mnunuzi alionyeshwa bonde hilo kama hati ya udhamini. Lau bamba lingetoboka, aibu ingekuwa ya fundi na hasara ingekuwa yake, wala hakuna ambaye angeuliza kama bamba lilivunja mwiko.

Desturi ya kupima ingalipo miongoni mwa watu wanaoigiza vita vya kale kama mchezo. Mwaka 2010, katika ngome ya Khotyn nchini Ukraine, yalifanyika kwa mara ya kwanza mashindano ya mataifa ya kupigana kwa mavazi ya chuma ya Enzi za Kati. Silaha zao ni za chuma cha kweli zilizotolewa makali, na hivyo chapeo iliyoundwa vibaya hugunduliwa mapema, kwa maumivu ya kichwa badala ya kifo. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa kuwashirikisha waigizaji wanne wazoefu wa vita vya kale. Watu hao walitembea na kukimbia juu ya mashine wakiwa wamevaa nakala za silaha kamili za karne ya 15, zenye uzito wa kilo 30 hadi 50. Ilibainika kwamba kutembea ndani ya vazi hilo hutumia nguvu mara 2.1 hadi 2.3 kuliko kutembea bila ya vazi, na kukimbia mara 1.9. Mabamba ya miguuni yalichosha sana kwa kuwa miguu huinuliwa kila hatua, na bamba la kifua lilizuia pumzi. Kwa kuvaa na kutoka jasho, waigizaji hao walikubali kwamba kinga ina gharama, na gharama hiyo ikaandikwa kwa tarakimu.

4.0 Risasi inaishinda ngao

Afrika Mashariki haikupewa muda wa kuongeza unene wa ngao. Katika karne ya 19 magobore yaliingia bara pamoja na misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa, na kupitia Ujiji yakavuka Ziwa Tanganyika pamoja na lugha ya Kiswahili. Baadaye zikaja bunduki za rasharasha za majeshi ya Wazungu. Ngozi ya nyati ilitosha kuukinga mkuki, lakini haikuweza kuizuia risasi. Kilichohitajika ni kinga ambayo uzito wake usingemchosha mtu na ambayo ingepatikana kwa maelfu ya watu kwa siku chache.

Kinga hiyo ndiyo iliyotolewa huko Ngarambe na Kinjikitile Ngwale. Maji yake yaliaminika kuzigeuza risasi za Wajerumani ziwe maji, na yaliwaunganisha watu wa makabila mengi ambao hapo kabla hawakuwa na jeshi moja. Vita vilianza mwishoni mwa Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, lakini maji yaliendelea kusambaa. Tarehe 30 Agosti wapiganaji waliiendea boma ya Mahenge kwa makundi, na bunduki za rasharasha zikawaua kwa mamia. Waliotumia dawa walikuwa na masharti: wasilale na wanawake, wasipore mali. Risasi ilipomwua mtu, palikuwapo na jibu tayari kwamba marehemu alivunja sharti.

5.0 Mai katika nchi ya Fizi

Miaka karibu 60 baadaye wazo hilo lilionekana ng'ambo ya ziwa, kwa matamshi ya Kiswahili cha Kongo: mai. Uasi wa Pierre Mulele ulianza Kwilu mwezi wa Januari 1964. Upande wa mashariki uliongozwa na Gaston Soumialot, na kufikia mwezi wa Mei mwaka huo Uvira na Fizi zilikuwa mikononi mwa waasi. Vijana wa Kibembe na wa Kifuliiru walikuwa miongoni mwa wapiganaji wa kwanza. Muganga aliwachanja, akawanyunyizia maji ya dawa na kuwapa masharti: wasiibe, wasimguse mwanamke, wasigeuke nyuma, wasiogope. Walikwenda mbele wakipaza sauti ya Mai Mulele.

Ni kosa kusema kwamba dawa hiyo haikufanya kazi yoyote. Miezi ya kwanza askari wengi wa Jeshi la Taifa la Kongo walikimbia bila ya kupigana, kwa kuwa wao pia waliiamini. Risasi isiyofyatuliwa haiui, na ushindi wa namna hiyo ulithibitisha dawa machoni pa pande zote mbili. Zaidi ya hayo, masharti yalikuwa sheria ya vita. Mahali yaliposhikwa, yalimkinga mwanakijiji na kuku wake, na yalimkinga mwanamke aliyekuwa njiani kwenda kuteka maji ziwani. Pengine huyo ndiye aliyekingwa kwa hakika zaidi kuliko mpiganaji mwenyewe.

Udhaifu wa dawa ulijitokeza ilipokutana na adui asiyeiamini. Ernesto Che Guevara aliwasili Kibamba, kwenye ufuko wa ziwa kusini mwa Fizi, tarehe 24 Aprili 1965, akiwa na kundi la Wakuba. Katika kumbukumbu zake za Kongo aliandika kuhusu dawa kama jambo lililomtia wasiwasi. Aliona kwamba aliyekufa hudhaniwa kuwa aliogopa, au aliiba, au alilala na mwanamke, na kwa kuwa hakuna mtu asiyeingiwa na hofu vitani, sababu ya kumlaumu marehemu haikosekani kamwe. Tarehe 29 Juni 1965 shambulio la Front de Force, huko Bendera, lilishindwa vibaya. Mwishoni mwa Septemba mamluki wa Mike Hoare waliteremka Baraka kwa njia ya ziwa na kukuta upinzani mkali. Mwezi wa Oktoba Fizi nayo ikaanguka. Che aliondoka mwezi wa Novemba.

Dawa haikuondoka naye. Laurent-Désiré Kabila aliendesha maficho yake katika milima ya Fizi tangu mwaka 1967, na katika vita vya mwaka 1996 na vya mwaka 1998 jina la Mai-Mai likawa jina la vikundi vingi vya Kivu. Raia wa ufuko huo walikimbilia Kigoma kwa mitumbwi na maboti, wakaishi katika kambi kama vile Nyarugusu na Lugufu. Baada ya mwaka 2005 wengi walirejeshwa kupitia bandari ya Baraka.

6.0 Hitimisho

Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alilileta suala hili jukwaani kwa tamthilia yake, Kinjeketile. Mwishoni mwa tamthilia shujaa, akiwa mfungwa, anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa ya uongo, kwa kuwa anaogopa kukana huko kutaua pia yale yaliyowaunganisha watu. Tamthilia inamwacha mtazamaji na uzito wa pande zote mbili: imani iliyowainua watu, na imani iliyowaua.

Historia iliyosimuliwa hapa haimtaki msomaji awacheke waliovaa maji. Shujaa wa Ulaya aliyevaa chuma naye alikwenda vitani na dua, na naye alikufa. Tofauti ni kwamba bamba la kifua lilibeba alama ya kujaribiwa, na likitoboka, kosa lilikuwa la bamba. Maji hayakujaribiwa ila kwa mwili wa kijana mwenyewe, na yaliposhindwa, jaribio halikuhesabika, kwa sababu shahidi alikuwa amekwisha kuwa mtuhumiwa. Kinga ya namna hiyo haiwezi kurekebishwa wala kuachwa, kwa kuwa kila kifo huithibitisha badala ya kuikanusha.

Kwa familia za Fizi, Baraka na Lweba, jambo hili si la nadharia. Kijana aliyeanguka mwaka 1964 au 1998 ameachia nyumba yake msiba wa aina mbili: ameuawa, na juu ya hayo amesingiziwa. Mwanahistoria hawezi kumrudisha, lakini anaweza kusema wazi kwamba aliuawa na risasi, na kwamba hakuna mwiko wowote aliouvunja ambao ungeibadilisha njia ya risasi hiyo. Kumwondolea marehemu lawama ni kazi halali ya historia, na ni kinga ndogo kwa wale ambao bado wako hai.